Mama Neema Watatu na Kaye ya Madeni

Kwenye depo ya mama mdogo, yaani duka lake la Kadutu, hapa Bukavu, kuna kaye kubwa ya jalada gumu, daftari la madeni, na ndani yake wamo Mama Neema watatu. Wa kwanza ameandikwa "Mama Neema Nyamugo", kwa jina la mtaa wake. Wa pili ni "Mama Neema mfupi". Wa tatu hana alama yoyote, kwa kuwa siku alipoandikwa mara ya kwanza hapakuwa na mwingine. Mama mdogo hawachanganyi kamwe. Akisoma mstari anamwona mtu. Lakini alipougua malaria akamwachia binamu yangu depo kwa siku nne, deni la bido (madumu) mbili za mawese lilimwangukia Mama Neema asiyehusika, na yule aliyehusika hakuona sababu ya kulalamika.

Ndipo nikaombwa niiingize kaye "ndani ya mashine". Watu wengi hapa Bukavu wakisikia hivyo hufungua Excel, wanachora safu nyingi, wananakili kaye kama ilivyo. Nami nilianza hivyo hivyo, bila aibu. Mstari mmoja kwa kila mauzo: jina la mteja, mtaa, simu, tarehe, bidhaa, idadi, bei. Mteja akichukua bidhaa tatu kwa mpigo nikaongeza safu: bidhaa ya kwanza, bidhaa ya pili, bidhaa ya tatu. Akaja mama wa mgahawa akachukua saba.

Ubaya wa jedwali hilo hauonekani siku ya kwanza. Unaonekana Mama Neema wa Nyamugo anapobadili simu. Namba yake imeandikwa kwenye kila mstari wa mauzo yake, tuseme mara arobaini. Nikibadili mistari kumi nikaitwa kula, kuanzia hapo mashine ina majibu mawili kwa swali moja, na haina njia ya kujua lipi la kweli. Ubaya mwingine: mteja mpya ambaye hajanunua kitu hana mahali pa kukaa, maana mstari huzaliwa na mauzo. Tena nikifuta mauzo pekee ya mtu, nimemfuta na yeye mwenyewe, simu na mtaa wake. Kosa ni moja, limevaa nguo tatu: mambo ya aina tofauti nimeyafungia gunia moja.

Aliyelifungua gunia hilo ni Mwingereza Edgar F. Codd, mwanahisabati aliyekuwa akifanya kazi IBM, kampuni ya kompyuta, huko San Jose, California. Mwaka 1970 alichapisha makala fupi iliyosema kwamba data zote zinaweza kuwekwa katika majedwali ya kawaida tu, na kwamba anayeuliza hana haja ya kujua zimehifadhiwa vipi ndani ya mashine. Leo hilo linasikika kama jambo la wazi. Wakati huo halikuwa. Mifumo mikubwa, kama IMS ya IBM yenyewe, iliyozaliwa katika kazi za safari za Apollo za kwenda mwezini, ilipanga data kama mti: shina, matawi, vijitawi. Mwandishi wa programu alipaswa kuujua mti wote na kuupanda tawi kwa tawi. Mti ukipangwa upya, programu zinavunjika.

Ni tofauti kati ya kumwambia motari, yaani dereva wa pikipiki, "panda hapa, kata kushoto kwenye kibanda cha vitenge, shuka na mtaro" na kumtajia mtaa tu: "Panzi, tafadhali". Motari anajua barabara ipi ina tope leo. Codd alitaka tuseme "Panzi" tu.

Hapa niondoe tope moja ambalo hata walimu huliacha. Wengi hudhani hifadhidata hizi, yaani mifumo ya kutunza data kwa majedwali, zinaitwa za "uhusiano" kwa sababu majedwali yanahusiana. Sivyo. Neno hilo Codd alilitoa katika hisabati, ambako uhusiano ni mkusanyiko wa mafungu ya thamani. Jedwali lenyewe ndilo uhusiano. Kila mstari wake ni sentensi inayodai kitu: "Mteja namba 17 anaitwa Mama Neema, anakaa Nyamugo, simu yake ni hii." Jedwali la wateja ni sentensi nyingi za umbo lile lile, wala mpangilio wake hauna maana. Katika kaye, aliye juu ndiye aliyetangulia. Katika jedwali hakuna juu wala chini. Ukitaka yaje kwa tarehe, sema hivyo unapouliza, la sivyo mashine italeta kwa mpangilio wowote iliouona rahisi siku hiyo.

Ukishaona mstari kama sentensi, kugawa majedwali kunakuwa kazi ya sarufi. Kwa kila safu unauliza: habari hii inamhusu nani? Simu inamhusu mteja, iende jedwali la wateja. Kipimo, yaani bido, gunia au kilo, kinahusu bidhaa. Tarehe inahusu tukio la kununua. Kwetu tukio hilo tunaliita faktire. Idadi je? Bido mbili si habari ya mteja, si habari ya mawese, wala si ya faktire nzima. Ni habari ya mawese ndani ya faktire hii. Kwa hiyo inahitaji jedwali lake, ambalo nililiita mistari, na kila mstari wake unasema: faktire fulani, bidhaa fulani, idadi fulani. Mama wa mgahawa na bidhaa zake saba anapata mistari saba, akija na ishirini anapata ishirini, na hakuna safu ya kuongeza. Vitabu huita kazi hii usanifishaji na kuipanga kwa ngazi. Codd mwenyewe alitaja ngazi ya kwanza mwaka 1970, akaongeza ya pili na ya tatu mwaka uliofuata. Ukiuliza lile swali la "inamhusu nani" bila kujidanganya, mara nyingi utajikuta kwenye ngazi ya tatu bila kukariri ufafanuzi wake.

Turudi kwa akina Mama Neema. Sentensi inayosema habari za mteja lazima imtaje mmoja bila shaka. Ufunguo mkuu ni safu, au safu kadhaa kwa pamoja, isiyojirudia kamwe katika jedwali. Jina halifai, tumeshaona. Jina na mtaa? Mama Neema mfupi alihamia Nyamugo mwezi wa nne, wakawa wawili huko. Simu? Watu wana simu mbili, au mume na mke wana moja, na namba iliyoachwa hupewa mtu mwingine. Chochote chenye maana katika maisha ya watu kinaweza kubadilika kwa sababu za watu. Basi nikampa kila mteja namba isiyo na maana yoyote: 17, 18, 19. Mama mdogo hakuipenda. "Unawaandika kama wafungwa?" aliniuliza. Nikamwambia namba ni ya mashine, yeye aendelee na majina.

Faktire haibebi jina la mteja. Inabeba 17 tu. Namba hiyo ikiwa ndani ya faktire huitwa ufunguo wa kigeni: ni ya jedwali lingine, hapa ni mgeni. Kazi yake ni mbili. Inaunganisha, na inalinda. Ukijaribu kuandika faktire ya mteja 99 ambaye hayupo, hifadhidata inakataa. Ukijaribu kumfuta mteja 17 ambaye bado ana faktire, inakataa pia. Bidhaa ni hivyo hivyo. Katika kaye nilikuta "makayabo", "makayabu", "mak." na "samaki ya chumvi", vyote kitu kimoja. Kwenye jedwali la bidhaa makayabo wana mstari mmoja, na mistari ya faktire inautaja kwa namba.

Onyo kwa wanaotumia SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa katika faili moja, na ambayo huenda imo ndani ya simu yako sasa hivi bila wewe kujua. Ulinzi wa ufunguo wa kigeni ndani yake kwa kawaida umezimwa. Lazima uandike PRAGMA foreign_keys = ON kila unapoifungua. Sikuandika. Kwa wiki mbili binamu yangu aliuza kwa wateja wasiokuwepo duniani, na mashine ikapokea kwa adabu.

Sasa bei, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Bei inamhusu nani? Nilijibu upesi: inahusu bidhaa. Bido ya mawese tuseme ni dola 18, basi 18 ikae kwenye jedwali la bidhaa, mara moja tu, na jumla ya faktire ipatikane kwa kuzidisha. Ni safi kabisa. Barabara ya Uvira ikaharibika kwa mvua, mawese yakapanda hadi 22, mama mdogo akabadili bei, na papo hapo kila mtu aliyekuwa na deni la mawese la mwezi uliopita akadaiwa dola nne zaidi kwa kila bido. Wateja wawili walikuja na karatasi zao mkononi. Walikuwa na haki.

Kosa halikuwa katika kuogopa kurudia. Lilikuwa katika kudhani bei ni kitu kimoja. Bei ya leo ni habari ya bidhaa. Bei tuliyokubaliana siku ile ni habari ya mstari wa faktire, na hiyo haibadiliki tena hata mawese yakifika 50. Namba zinaweza kufanana, 18 na 18, lakini sentensi ni mbili. Basi bei inaandikwa mahali pawili, na wala si marudio. Tangu hapo nikiona mtu anajisifu kwamba jedwali lake halirudii kitu chochote, namuuliza kwanza amefanya nini na bei.

Kiwango cha dola nacho ni cha jamaa hiyo. Sisi tunataja bei kwa dola, watu wengi wanalipa kwa faranga. Mwanafunzi mzuri angetengeneza jedwali la viwango, mstari mmoja kwa kila siku. Lakini depo ya Kadutu haifuati siku. Kiwango cha asubuhi si cha jioni, na mteja wa zamani hupunguziwa kidogo. Kwa hiyo kiwango ni habari ya malipo yenyewe, na kinakaa kwenye jedwali la malipo pamoja na faranga zilizopokewa na kiasi chake kwa dola. Muundo wa majedwali haupatikani kwa kukaa na kompyuta peke yako. Unapatikana kwa kukaa kwenye kiti kifupi kando ya mizani na kutazama pesa zinavyobadilishana mikono.

Majedwali yakawa matano: wateja, bidhaa, faktire, mistari, malipo. Yako tu, hayasemi. Kuuliza kunahitaji lugha, na lugha hiyo ni SQL. Iliundwa IBM na Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakaitangaza mwaka 1974 kwa jina la SEQUEL. Baadaye jina likafupishwa kwa sababu lilikuwa tayari mali ya kampuni nyingine. Marekani iliifanya kuwa kiwango rasmi mwaka 1986. Maneno yake ni ya Kiingereza, lakini ni machache: SELECT ni chagua, FROM ni kutoka wapi, WHERE ni kwa sharti gani.

SELECT jina, simu
FROM wateja
WHERE mtaa = 'Nyamugo';

Hakuna mahali nilipoiambia mashine ianze juu, ipitie mstari mmoja mmoja, ilinganishe, iendelee. Nimesema ninachotaka. Njia inachaguliwa na sehemu ya ndani iitwayo kiboreshaji, ambaye ndiye motari wetu. Namna yake ya kupima gharama za njia mbalimbali ilielezwa na Patricia Selinger na wenzake IBM mwaka 1979, na mifumo mingi bado inafuata mawazo hayo. Ukiweka faharasa, yaani orodha ya kusaidia kutafuta, kwenye safu ya mtaa, kiboreshaji kinapata njia ya mkato, na swali lako halibadiliki hata herufi moja. Kwa depo yenye wateja mia tatu hutaona tofauti yoyote, basi usihangaike nayo mapema.

Swali ambalo mama mdogo alilitaka tangu mwanzo ni moja: ni nani ninayemdai? Hapo lazima kuunganisha majedwali, kwa neno JOIN. Kuunganisha ni kuchukua kila mstari wa huku na kuukutanisha na kila mstari wa kule unaolingana nao. Shika hayo maneno "kila" na "kila". Nilishaandaa kitu kinachoitwa mwono, yaani swali lililohifadhiwa kwa jina ili litumike kama jedwali. Wangu uliitwa faktire_jumla na ulitoa jumla ya kila faktire. Nikaandika hivi, nikiwa na hakika kabisa (SUM ni jumlisha, GROUP BY ni kwa kila nani, na w, f, p ni vifupi vya majina ya majedwali):

SELECT w.jina, SUM(f.jumla) - SUM(p.kiasi) AS deni
FROM wateja w
JOIN faktire_jumla f ON f.mteja = w.namba
JOIN malipo p ON p.mteja = w.namba
GROUP BY w.namba, w.jina;

Mama Neema wa Nyamugo alikuwa amechukua mara tatu: dola 20, 30 na 10. Amelipa mara mbili: 15 na 25. Sitini kutoa arobaini, anabaki na deni la 20. Mashine ikasema deni lake ni sifuri.

Mama mdogo hakuguna hata. Alifungua kaye, akaweka kidole, akanitazama.

Tuhesabu kama mashine. Faktire tatu, malipo mawili, yote ya mteja 17. Kila faktire inakutana na kila malipo: tatu mara mbili, mistari sita. Katika mistari hiyo sita kila faktire imeonekana mara mbili, basi jumla ya faktire ni 120. Kila malipo yameonekana mara tatu, basi jumla ya malipo ni 120. Mia na ishirini kutoa mia na ishirini. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna wino mwekundu. Swali lilikuwa sahihi kisarufi na lilijibiwa kwa uaminifu. Sikuwa nimeuliza nilichodhani nimeuliza. Mtego huu nimeuona hata kwenye ripoti za watu wenye ofisi na feni, na mara nyingi namba inayotoka haishangazi kama sifuri yetu, ni kubwa kidogo tu, kwa hiyo inapita.

Dawa ni kujumlisha kwanza, kuunganisha baadaye. Kila upande ufikishwe kwenye mstari mmoja kwa mteja kabla haujakutana na mwenzake:

SELECT w.namba, w.jina,
COALESCE(a.jumla, 0) - COALESCE(b.jumla, 0) AS deni
FROM wateja w
LEFT JOIN (SELECT mteja, SUM(jumla) AS jumla
FROM faktire_jumla GROUP BY mteja) a ON a.mteja = w.namba
LEFT JOIN (SELECT mteja, SUM(kiasi) AS jumla
FROM malipo GROUP BY mteja) b ON b.mteja = w.namba;

Ona kwamba JOIN imekuwa LEFT JOIN. JOIN ya kawaida huleta tu waliopata mwenzao. Mteja ambaye hajawahi kulipa hata faranga moja hana mstari kwenye malipo, basi anatoweka kwenye orodha ya madeni, na huyo ndiye uliyekuwa unamtafuta kuliko wote. LEFT JOIN inambakiza, na mahali pa malipo yake inaweka NULL.

NULL si sifuri. Wala si nafasi tupu. Ni alama ya kwamba hapa hakuna thamani inayojulikana, na inaambukiza: sitini kutoa NULL si sitini, ni NULL. Ndiyo maana ya COALESCE, inayosema kama hakuna kitu, hesabu sifuri. Hata kulinganisha NULL na NULL hakutoi ndiyo, maana vitu viwili usivyovijua huwezi kudai vinafanana. Ukitaka kuitafuta unaandika IS NULL, usitumie alama ya usawa. Wataalamu wamebishana kuhusu NULL tangu enzi za Codd, na mimi naona kelele zao zina haki, lakini kwenye depo sijapata kitu bora cha kuweka mahali pa simu ya mtu asiye na simu. Kwenye Excel yangu ya mwanzo niliweka 0000000000, na kwa mujibu wake wateja tisa walikuwa nyumba moja.

Umeme ukikatika katikati ya kuandika, na hukatika, faktire inaweza kuwa imeingia na mistari yake bado. Dawa yake ni muamala: BEGIN mwanzoni, COMMIT mwishoni, na vyote vya kati vinaingia pamoja au haviingii kabisa. Mashine ikiwaka tena inatazama kumbukumbu yake ya kazi na kufuta iliyobaki nusu. Binamu yangu huiandika upya faktire hiyo moja, basi.

Mwezi uliopita mama mdogo aliuliza swali ambalo kaye isingeweza kulijibu bila usiku mzima wa mishumaa: ni nani aliyekuwa akinunua na ameacha kuja? Nikaandika (EXISTS ni kuna, NOT EXISTS ni hakuna):

SELECT jina, simu FROM wateja w
WHERE NOT EXISTS
(SELECT 1 FROM faktire f
WHERE f.mteja = w.namba AND f.tarehe >= '2024-03-01')
AND EXISTS
(SELECT 1 FROM faktire f WHERE f.mteja = w.namba);

Yakatoka majina kumi na moja. Akaanza kuwapigia papo hapo, simu begani, mikono ikipima maharage. Wa kwanza alikuwa amesafiri. Wa pili aliahidi Jumamosi. Wa tatu alikuwa Mama Neema, yule asiye na alama, namba 19, na simu ikapokewa na mwanaume wa Goma aliyeinunua laini hiyo wiki tatu zilizopita na hajui Mama Neema yeyote. Mama mdogo akamwomba radhi, akauliza samaki bei gani huko, akakata.

"Toa hiyo namba," akaniambia.

Nikaitoa, mahali pamoja tu. Deni lake la dola 12 liko pale pale, faktire zake nne ziko pale pale, na kwenye safu ya simu sasa pana NULL.